Meli Kubwa Mpya au Ndogo ya Zamani: Mwongozo wa Safari ya Kwanza ya Bahari kwa Msafiri wa Biliqo

Meli za kitalii wanazouziwa abiria wa mara ya kwanza ni za makundi mawili. Zipo kubwa zilizojengwa miaka ya karibuni, zenye sitaha kumi na tano hadi ishirini, mabwawa ya kuogelea, kumbi za maonyesho na abiria kwa maelfu. Mfano wa juu ni Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024: urefu wake ni mita 365, ina sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria 7,600, mbali na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Zipo pia ndogo za zamani, zenye umri wa miaka ishirini, thelathini au hata hamsini, zinazobeba abiria mia chache. Pwani ya Kenya ilikuwa na meli yake ya aina hii, Royal Star, iliyojengwa Italia katika miaka ya 1950 na ambayo miaka ya 1990 ilikuwa ikiondoka Mombasa na watalii takriban mia mbili kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi.

Msafiri wa Biliqo, kijiji cha Kaunti ya Isiolo, huchagua akiwa mbali na bahari. Kutoka kijijini hadi Isiolo ni barabara ya vumbi, Isiolo hadi Nairobi ni kilomita kama 285 za lami, na Nairobi hadi Mombasa ni nyingine karibu 480. Hana nafasi ya kushuka gatini siku ya mapumziko akaitazame meli kabla ya kuilipia. Alichonacho ni simu, picha za wakala na maneno ya ndugu aliye Dubai au Doha. Picha zote hupendeza, za meli mpya na za meli kuukuu, kwa hiyo kinachomsaidia ni kujua maswali ya kuuliza na maana ya majibu atakayopewa.

Swali la kwanza ni la mwili. Bahari ya Hindi hufuata pepo mbili. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba na huchafua bahari, hasa Juni na Julai. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa kawaida bahari huwa tulivu zaidi. Meli ndogo huyumba katika mawimbi ambayo meli kubwa huyapita bila abiria kuyasikia. Tena meli kubwa za kisasa zina mapezi ya chuma yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kuzuia kuyumba. Nyingi za zamani nazo zinayo, ila katika meli yenye abiria mia tatu hayawezi kufuta kabisa wimbi la kusi. Mtu ambaye hajawahi kukaa majini usiku kucha hajui kama tumbo lake litavumilia. Kwa hali hiyo meli kubwa ina faida ya wazi, wala si faida ndogo, maana anayetapika siku tatu za safari ya siku tano amelipia kitanda tu.

Hata hivyo, chumba kinaweza kuwa na uzito kuliko meli yenyewe. Aliyepanda lori la mifugo kutoka Merti hadi Isiolo anajua kwamba anayekaa juu ya magurudumu ya nyuma hurushwa kuliko anayekaa katikati. Meli nayo ni hivyo hivyo: omo na tezi hupanda na kushuka, sitaha za juu hupepesuka, na mahali penye utulivu ni katikati ya urefu wa meli, sitaha za chini. Vyumba hivyo mara nyingi ndivyo vya bei nafuu, kwa kuwa havina baraza na pengine havina hata dirisha. Wakala atajaribu kuuza chumba cha juu chenye baraza. Msafiri wa kwanza aombe cha katikati, chini, na kama fedha inaruhusu kiwe na dirisha, kwa kuwa jicho linaloona upeo wa bahari hupunguza kichefuchefu. Dawa za kuzuia kichefuchefu zinapatikana katika maduka ya dawa mjini Isiolo, na humezwa kabla ya safari kuanza. Zikisubiri mpaka mtu aanze kutapika, zimechelewa.

Swali la pili ni usalama, na hapa ndipo watu wengi hupotoshwa na umri wa meli. Mwaka 2012 ulitoa mifano miwili ya kampuni moja, wiki sita tu kati yake. Tarehe 13 Januari, Costa Concordia, meli ya mwaka 2006 yenye ujazo wa tani zaidi ya 114,000, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia baada ya nahodha kuisogeza karibu mno na pwani. Watu 32 walikufa. Tarehe 27 Februari, Costa Allegra, ndogo na kuukuu, ilishika moto katika chumba cha jenereta ikiwa njiani kutoka Madagascar kwenda Seychelles. Meli hiyo ilikuwa imeanza maisha mwaka 1969 kama meli ya makontena, ikageuzwa kuwa ya abiria mwaka 1992. Hakuna aliyekufa, lakini umeme ulikatika wote. Vyumba viligeuka tanuri, vyoo vikaacha kufanya kazi, na mamia ya abiria wakalala nje kwenye viti vya sitaha mpaka meli ya Ufaransa ya kuvua jodari ilipoikokota hadi Mahé huko Seychelles. Ile kubwa na mpya ndiyo iliyoua. Ile ndogo ya zamani iliwatesa watu bila kuwaua. Umri wa chuma haumwambii msafiri jinsi nahodha anavyoamua.

Uko mpaka wa miaka ulio na maana zaidi kuliko neno "mpya". Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila meli ya abiria yenye urefu wa mita 120 au zaidi, ambayo ujenzi wake ulianza tarehe 1 Julai 2010 au baadaye, iweze kurudi bandarini kwa nguvu zake hata sehemu moja ikiungua au kujaa maji. Mitambo yake hugawanywa ili moto wa chumba kimoja usizime meli nzima. Meli za kabla ya hapo hazibanwi na sharti hilo, ziwe ndogo au kubwa. Carnival Triumph, meli ya mwaka 1999 yenye ujazo wa tani zaidi ya 100,000, iliungua injini Februari 2013 katika Ghuba ya Meksiko ikaelea siku kadhaa na watu zaidi ya 4,000 katika hali ileile ya Costa Allegra. Kanuni nyingine, iliyoanza Oktoba 2010, ilipiga marufuku meli za abiria zenye mbao na vifaa vingine vinavyowaka katika muundo wake, na ndiyo iliyopeleka meli nyingi za miaka ya 1950 na 1960 kwenye kuvunjwa. Kwa kuwa ujenzi huchukua miaka miwili mitatu, meli iliyokamilika baada ya 2013 kwa kawaida iko upande salama wa mpaka huo. Hilo ndilo la kumwuliza wakala: meli ilikamilika mwaka gani, na mara ya mwisho ilipanda chelezo lini. Mwaka wa kupakwa rangi na kubadilishwa mazulia ni habari nyingine.

Wakazi wa Afrika Mashariki wanayo mifano ya karibu, na ya uchungu. Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa ya mwaka 1967, na wengi walilaumu uzee wake. Lakini meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu 645, na tume ya uchunguzi ilikuta kwamba walikuwamo zaidi ya 2,000. Vifo 203 vilithibitishwa na watu 1,370 hawakuonekana tena. MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228 haikuwa nzee: ilijengwa 2004. Ilikuwa na nafasi ya watu 100 hivi. Katika misiba yote miwili idadi ya watu ndiyo iliyotangulia umri. Meli za kitalii za kampuni kubwa haziwezi kuzidisha abiria kwa namna hiyo, kwa sababu kila abiria ana kadi inayosomwa na mashine anapopanda na anaposhuka, na kila kitanda kina jina. Kwenye kivuko na meli za abiria za kawaida, macho ya msafiri ndiyo ulinzi wake. Ubavuni mwa meli, katikati, huwa na duara lililopigwa mstari na vijistari vingine pembeni yake. Ndiyo alama ya mzigo. Ikiwa maji yamefunika mstari unaohusika, meli imebeba kupita kiasi, na nauli iliyolipwa isimfanye mtu apande.

Mfano wa upande wa pili ni MV New Victoria ya Ziwa Victoria. Chuma chake ni cha mwaka 1959, kilichojengwa Uskoti na kuunganishwa Kisumu, na ilianza kazi mwaka 1961. Mwaka 2020 ilirudi majini kati ya Mwanza na Bukoba baada ya kukarabatiwa na kufungwa injini mpya. Basi meli inaweza kuwa na miaka sitini ya mwili na miaka michache ya mitambo, na mwenye kuuliza umri bila kuuliza matengenezo atajibiwa ukweli usiomsaidia.

Maisha ya ndani hutofautiana kwa namna ambayo picha haionyeshi. Katika meli ya zamani mlango wa kwenda sitahani una kizingiti cha chuma kinachofika katikati ya muundi, na mtu huinua mguu kukivuka kila mara. Dirisha ni duara lenye komeo la shaba. Korido ni nyembamba, na karibu na chumba cha mitambo harufu ya dizeli hukaa kwenye mapazia. Kwa upande mwingine, siku ya pili mhudumu anajua jina la abiria, na kutoka chumbani hadi chumba cha kulia ni hatua chache. Katika meli ya mita 300 na zaidi, kutoka chumba cha tezi hadi ukumbi wa omo ni mwendo wa dakika kadhaa, na lifti huwa na foleni wakati wa mlo. Mzee wa miaka sabini anayetembea na bakora atachoka zaidi katika meli kubwa, ingawa yumbo lake ni dogo. Watoto, kinyume chake, huchoshwa na meli ndogo kufikia mchana wa kwanza. Familia yenye watoto haina haja ya kufikiri sana: kubwa.

Kipimo kimoja cha nafasi kinafaa kujulikana, kwa kuwa wakala hatakitaja. Ujazo wa meli kwa tani hugawanywa kwa idadi ya abiria wakiwa wawili kila chumba. Jibu likiwa chini ya 30, watu watabanana. Likifika 40 au zaidi, kuna nafasi. Icon of the Seas ina ujazo wa tani 248,663 na abiria 5,610 kwa hesabu hiyo, hivyo ni 44. Norwegian Dawn ya mwaka 2002, mojawapo ya meli kubwa za kitalii zilizowahi kufika Mombasa, ina ujazo wa tani kama 92,000 na abiria takriban 2,340. Jibu ni 39. Meli kubwa si lazima iwe na msongamano kuliko ndogo. Msongamano huja mahali pamoja, wakati wa kushuka bandarini, watu elfu nne wanapotaka kupita mlango uleule saa mbili asubuhi.

Kwa msafiri wa Biliqo, ambako watu wengi ni Waborana na Waislamu, jambo la chakula na swala halipaswi kuachwa lijitatue lenyewe. Meli kubwa ina jiko kubwa na migahawa kadhaa, na ombi la nyama halali huwa na uwezekano zaidi wa kutimizwa, hasa katika safari zinazoanzia bandari za Ghuba. Meli ndogo ina jiko moja na ghala moja. Kisichopakiwa bandarini hakitapatikana baharini. Ombi liandikwe wakati wa kulipia, majibu yapatikane kwa maandishi, na likumbushwe wiki chache kabla ya safari. Jibu la wakala kwamba "hakuna tatizo" bila karatasi halitoshi. Ikiwa halali haipatikani, samaki na mboga hupatikana karibu kila meli, lakini ni vizuri kulijua hilo nyumbani. Qibla hubadilika meli inapogeuka, kwa hiyo dira ya simu itahitajika, na iwe ya programu inayofanya kazi bila intaneti, kwa sababu intaneti ya baharini hulipiwa na hukatika. Mwenye kizunguzungu huswali ameketi. Zipo meli zinazotenga chumba kwa ajili ya ibada za dini zote. Hilo nalo huulizwa mapema.

Ndipo huja suala la mahali. Hapa meli ndogo hushinda bila ubishi. Bandari ya Mombasa ina kina cha kutosha na ina kituo cha abiria wa meli za kitalii huko Kilindini, hivyo kubwa na ndogo hufunga gatini. Lakini mahali penye maji mafupi meli kubwa hutia nanga mbali na abiria huvushwa kwa boti, kazi inayoweza kula nusu ya siku na kufutwa kabisa upepo ukizidi. Visiwa vidogo, lango la mji wa kale wa Lamu na vijiji vya pwani hufikiwa na vyombo vidogo tu. Anayetaka kuona bahari na mahali, aliyekwisha kujua kwamba tumbo lake linavumilia, atafaidi zaidi meli ndogo. Anayetaka kujua safari ya meli ni kitu gani hana haja ya visiwa hivyo mara ya kwanza.

Bei hazifuati ukubwa moja kwa moja. Ndani ya kampuni moja, meli kuukuu karibu kila mara ni nafuu kuliko mpya ya njia hiyohiyo. Lakini meli ndogo sana za kifahari ni ghali kuliko zote, na udogo wao usimdanganye mtu. Juu ya nauli huja ada ya huduma, ambayo kwa kampuni nyingi ni kati ya dola 14 na 20 kwa mtu kwa siku, kodi za bandari, vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu. Anayesafiri peke yake anaweza kutozwa karibu nauli ya watu wawili. Daktari wa melini hulipwa kwa bei za nje, kwa hiyo bima ya safari ihesabiwe kama sehemu ya nauli. Gharama hizi zikishajumlishwa, tofauti kati ya meli kubwa mpya na ya wastani ya miaka kumi huwa ndogo kuliko ilivyoonekana kwenye tangazo.

Ushauri unaowafaa wengi, basi, ni huu: meli ya ukubwa wa kati au kubwa, iliyokamilika baada ya 2013, ambayo imeshafanya kazi misimu kadhaa. Meli iliyo katika mwaka wake wa kwanza huuzwa ghali, wafanyakazi wake bado hawajazoeana, na mitambo mipya huwa na kasoro zake. Safari iwe ya usiku tatu au nne. Iwe kati ya Desemba na Machi. Januari na Februari zina faida ya ziada, kwa kuwa ni wakati wa kiangazi katika eneo la Waso, iliko Biliqo, na barabara ya Isiolo hupitika, japo ni wakati huohuo ambao mwenye mifugo hawezi kuondoka nyumbani kwa urahisi. Mwenye kuchunga huenda akalazimika kusafiri mwishoni mwa mvua za Oktoba hadi Desemba, malisho yakiwa karibu, na atoke Biliqo siku tatu nne kabla, maana meli haimsubiri abiria aliyekwama kwenye tope.

Kabla ya kulipa mamia ya dola, jaribio la bei ndogo lafaa sana. Kivuko cha Likoni hakipimi kitu, kwa kuwa ni dakika chache ndani ya mlango wa bandari. Boti za kasi za Azam Marine kati ya Dar es Salaam na Zanzibar huchukua kama saa mbili na hupita bahari ya wazi. Kwenye kusi hutikisa vya kutosha kumwonyesha mtu hali ya tumbo lake. Usiku mmoja kati ya Mwanza na Bukoba humwonyesha mtu jinsi ya kulala ndani ya chombo kinachotembea, ingawa ziwa si bahari. Anayemaliza safari hizo bila shida ana haki ya kuifikiria meli ndogo. Anayelala chini akiomba nchi kavu achague kubwa, au aache kabisa, na hakuna aibu katika hilo.

Karatasi zianze mapema kuliko nauli. Pasipoti ya Kenya huombwa kupitia eCitizen, na iwe na angalau miezi sita ya uhai siku ya kurudi. Visa huhesabiwa kwa kila bandari ambayo meli itafunga, hata kama abiria hana nia ya kushuka, na visa ya kuingia mara moja haitoshi ikiwa meli inatoka na kurudi katika nchi ileile. Chanjo ya homa ya manjano hudungwa siku kumi au zaidi kabla ya safari, na cheti chake cha njano hubebwa pamoja na pasipoti mkononi, maana mizigo mikubwa huchukuliwa gatini na hufika chumbani saa kadhaa baadaye.

Siku ya kupanda, kabla ya kutafuta chakula au bwawa, abiria asome nyuma ya mlango wa chumba chake namba ya kituo cha dharura, na ahesabu kwa mkono milango iliyopo kati ya chumba na ngazi, kwa kuwa moshi ukijaa macho hayasaidii. Tangu Januari 2015 kanuni zinataka mazoezi ya dharura yafanywe kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Ishara ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa pale pale ili mtu ajue kama kamba zake ni nzima na kama linamtosha. La mtoto ni la kipimo chake, na likikosekana chumbani huombwa kwa mhudumu kabla nanga haijang'olewa.